Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa hospitali: jaribuni mwanga wa leza kwanza kando ya sikio

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu kutoka Kondele, Kisumu. Jina la hospitali yako silitaji, kwa kuwa unaijua, na kwa kuwa bado nimebakiwa na heshima kidogo. Nilikuwa nimeamua kunyamaza hadi Jumanne iliyopita, nilipomwona kwenye benchi la kliniki yako ya ngozi mvulana wa miaka kama minne, shavuni ana viduara vilevile vya leza alivyo navyo binti yangu, kila kimoja kama kitufe cha shati, safu kwa safu.

Binti yangu alizaliwa na baka shavuni, rangi ya zambarau iliyoiva. Tulielezwa kwamba ni mishipa midogo ya damu iliyopanuka, kwamba haliondoki lenyewe, na kwamba leza ingelififisha. Ambalo hatukuelezwa, nami nikalisoma usiku baada ya kufunga duka, ni kwamba mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 595 hulenga himoglobini, yaani rangi nyekundu ya damu, lakini kabla ya kuufikia mshipa hupita kwenye melanini, rangi nyeusi ya ngozi ya juu, nayo huunyonya na kupata moto. Sisi weusi tunayo tele. Ndiyo sababu nguvu hupunguzwa, muda wa kila mpigo hurefushwa na ngozi hupoozwa vizuri. Na wapo wanaotumia nanomita 1064, ambayo melanini huinyonya kwa kiasi kidogo kuliko ile ya 595, ingawa nayo humchoma mtu ikishikwa na asiyeijua. Si siri hizi. Kanuni yenyewe, ya kuchagua mwanga unaonyonywa na kile kinacholengwa, ilichapishwa mwaka 1983.

Nadhani mashine yenu iliachwa kwenye vipimo vya ngozi nyeupe. Nadhani tu, maana faili nimenyimwa. Nilichokiona kwa macho yangu ni mhudumu akisema gesi ya kupoozea imekwisha, kisha akampoza mtoto kwa barafu iliyofungwa ndani ya glavu, na shavu zima likapigwa siku hiyo ya kwanza. Jioni yakatoka malengelenge. Sasa ni madoa meupe, na baka lenyewe liko palepale.

Mwezi Machi uliniambia, mbele ya mume wangu, kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Nashukuru; kazi nimeiona kwenye shavu la mvulana yule.

Nauli na krimu zimemaliza mtaji wa duka langu, lakini fidia siiombi leo. Ninachoomba ni kwamba mtoto akifika, mpige kwanza sehemu ndogo ya baka kando ya sikio, msubiri wiki kadhaa, muione ngozi ilivyoitikia, ndipo mguse pengine. Na gesi ikikosekana, mwambieni mzazi arudi nyumbani. Nauli tutaikopa tena.

Mama wa mvulana ameambiwa amrudishe Jumanne ijayo. Tafadhali, Mheshimiwa, jaribuni kwanza.

Wako mwaminifu,
Mama mwenye duka, Kondele