Dizeli ikizima ghafla msikimbilie kushusha pampu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Naendesha Hiace ya zamani ya dizeli, ruti ya Tabora na Urambo, juzi nimefika karibu na Ndono gari likazima ghafla, halikukohoa wala nini, kama mtu kageuza ufunguo. Starta inazungusha vizuri ila haiwaki na ekzosi haitoi moshi hata kidogo. Fundi akasema pampu inayosukuma dizeli kwenye injini imekufa, tuishushe. Nikakataa, maana moshi usipotoka kabisa ujue mafuta hayafiki kwenye silinda, na sababu ni nyingi. Tukabonyeza pampu ya mkono juu ya filta, ikawa ngumu, maana yake mafuta yapo, maji nayo hamna. Kijana mmoja akashika ule waya mmoja unaoingia kwenye solenoidi ya pampu, yaani kile kifaa cha umeme kinachofungua na kufunga mafuta, kumbe waya umekatikia ndani ya ganda lake la plastiki, una kutu ya kijani. Solenoidi hiyo ikikosa umeme inafunga mafuta hapohapo. Tukaunga, ukifungua switi unasikia "tik", gari likawaka.

Jamani mafundi wetu, pimeni kwanza umeme kwenye huo waya kabla hamjagusa spana, abiria wangu walikaa juani saa tatu nzima na wengine wana watoto.

Dereva, Tabora