Safari ya Barbados: tusikate tiketi bado

Habari zenu wapendwa. Wengi mmechagua Agosti, ila naomba tufikirie upya. Msimu wa vimbunga Karibi ni Juni hadi Novemba, na Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi mikali zaidi. Vimbunga vingi huipitia Barbados kwa mbali, lakini Beryl ya Julai 2024 ilivunja mashua nyingi za wavuvi Bridgetown. Mimi nasema Februari, wakati wa kiangazi.

Linaloniumiza kichwa hasa ni viza ya kupitia. Ukibadilisha ndege Marekani, unahitaji viza au kibali chao hata kama hutoki uwanjani. Kila mtu aangalie pasipoti yake inamruhusu nini, ndipo tuchague njia. Kutoka London ni kama saa 9 angani.

Na tafadhali, tiketi iwe moja toka mwanzo hadi mwisho. Ukinunua vipande vipande, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri na nauli imepotea. Sitaki mwenzetu yeyote alale uwanjani peke yake.

Wenye shida ya miguu kuvimba, niambieni mapema tuwaombee viti vya pembeni mwa njia.

Nasubiri majibu yenu kufikia Ijumaa jioni.