Barua ya Wazi: Mkaguzi Asilipwe na Anayekaguliwa

Kwa Mwenyekiti,
Kikosi Kazi cha Umoja wa Mataifa kinachoandaa mkataba kuhusu kampuni za kimataifa na haki za binadamu,
Geneva

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Tangu azimio 26/9 la Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2014, lililounda kikosi chako, rasimu zimekuja na kwenda. Malumbano mengine nawaachia wanasheria. Langu ni moja: nani anamlipa mkaguzi wa usalama na mazingira ya kazi migodini na viwandani?

Tarehe 25 Januari 2019, bwawa la mabaki ya mgodi wa chuma wa Vale, kampuni ya madini ya Brazil, lilipasuka Brumadinho, Brazil. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na bwalo la wafanyakazi lilikuwa limejengwa bondeni, chini ya bwawa hilohilo. Tope likawafukia huko huko. Waliokufa ni 270. Miezi michache kabla, TÜV SÜD, kampuni ya ukaguzi ya Ujerumani, iliyoajiriwa na Vale yenyewe, ilikuwa imethibitisha kwamba bwawa ni imara.

Zaidi ya miaka sita nyuma, Septemba 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua Karachi, Pakistan. Zaidi ya watu 250 walikufa. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea imefungwa. Wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu kipewe SA8000, cheti cha kimataifa cha mazingira mazuri ya kazi. Mahakama ya Pakistan baadaye ilisema moto uliwashwa makusudi. Sawa, lakini nondo hazikuwekwa na aliyeuwasha.

Kampuni humchagua mkaguzi, humlipa, kisha huamua kama mwakani atarudi. Hii ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Mkaguzi msema kweli atapata wapi kazi ya pili?

Kwa hiyo naomba kifungu kinacholazimisha kampuni kuchangia mfuko wa pamoja wa kuwalipa wakaguzi, na chombo huru ndicho kipange nani akague wapi. Ripoti itolewe nzima, kwa lugha ya wafanyakazi na majirani wa mgodi au kiwanda. Na aliyetia saini uongo ashtakiwe pamoja na kampuni mama, hata katika nchi ya kampuni mama hiyo. Wasiseme haiwezekani: mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanakijiji wa Zambia kuishtaki kampuni ya madini ya Vedanta huko huko Uingereza, kwa madai ya maji yaliyochafuliwa na mgodi wa shaba.

Ningependa kukiona kifungu hicho kwenye rasimu ijayo, bila neno "ikiwezekana".

Wako,
Raia anayefuatilia