Mwanaidi, huyu si Side?

Morogoro, Jumatano usiku

Mwanaidi shoga yangu,

Habari za Masasi, na joto la huko? Sisi hatujambo. Mguu wa baba, Mzee wetu, bado haujakaa sawa, ila mdomo hauna ugonjwa wowote. Salamu za wote zipokee kwa jumla hivyohivyo, maana nina jambo na nisipoliandika leo silali.

Mzee amemuona Side kwenye televisheni, Side yule aliyeondoka na fedha zetu za kikoba.

Usicheke kwanza. Ilikuwa jana, taarifa ya habari ya saa mbili usiku, TBC1. Mimi niko jikoni nakaanga dagaa, nasikia mtu anaita kama nyumba inaungua: “Njoo! Njoo! Yule si mume wa Mama Warda?” Nikatoka mbio na mwiko mkononi, nikakuta mtangazaji keshaingia kwenye michezo. Mzee anaapa. Anasema ilikuwa habari ya mnada wa korosho huko kwenu kusini. Wakulima wamekaa ghalani, wanasomewa bei za wanunuzi, wananyoosha mikono kukubali, na nyuma ya mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika, penye rundo la magunia, kasimama Side. Kavaa jezi ya Yanga.

Hapo ndipo nilipochoka. Side na jezi ya Yanga wapi na wapi? Si ndiye aliyegoma kula pilau kwenye harusi ya Pili kwa sababu mapambo yalikuwa ya kijani na njano? Nikamwambia Mzee macho yamemdanganya. Akanijibu jezi mtu anaazima, sikio haazimi, na yule mtu alikuwa anavuta ndewe ya sikio la kushoto. Sasa na wewe niambie, unamjua mwingine anayevuta sikio namna ile fedha zikitajwa?

Basi nikajipa moyo kuwa habari ya usiku lazima wataigusa tena kesho yake. Leo nimesogeza cherehani sebuleni, nimeshona sare za shule huku jicho moja liko kwenye kioo, kutwa nzima TBC1 tu. Na hata ningetaka kubadilisha nisingeweza, kifurushi kimeisha zamani, watoto wananuna hawaoni tamthilia zao. Mzee ndiyo kwanza anafurahi. Kwake hiyo ndiyo televisheni, nyingine ni michezo ya vijana. Mpaka leo anaiita TVT, kama vile Mkapa yuko Ikulu, na redio yake ni RTD, TBC Taifa haijui.

Asubuhi tumeanza na Jambo Tanzania. Wamesoma magazeti, kila kichwa cha habari, nikasubiri labda mtu ataitaja korosho, wapi. Kikaingia kipindi cha daktari anaeleza shinikizo la damu. Mzee kasikiliza kwa adabu zote, anatikisa kichwa, “kweli kabisa, kweli kabisa”, daktari alipoaga tu kaniomba chumvi ya kuweka kwenye yai. Zikaja kwaya. Halafu mkulima wa alizeti wa Singida akatutembeza shambani kwake. Kila kamera ilipogeuka nachungulia nyuma ya watu, Mwanaidi, kila aliyesimama pembeni namkagua masikio. Ilipofika makala ya Serengeti, nyumbu wanajitupa Mto Mara, nikajikuta bado natafuta. Nikacheka peke yangu mpaka sindano ikavunjika.

Mchana wakaweka muziki wa dansi wa zamani. Hapo Mzee nilimkosa kabisa. Mguu mzima unapiga sakafu, ule mbovu unajaribu. Unajua tena wimbo wake wa kila siku: Mbaraka Mwinshehe wetu wa hapahapa Moro alikufa 1979 ajalini Mombasa, na bara televisheni hatukuiona mpaka 1994, kwa hiyo watu walimjua kwa sauti, na waliobahatika kumwona kwa macho walikuwa ukumbini. Wifi yule wa Unguja angekuwepo angeanza kutukoga, wao walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 70 sisi tumeinamia redio. Mzee huwa hana jibu la hilo, anasema tu “na nyie Mbaraka hamkuwa naye”.

Sasa sikiliza balaa. Wako kwenye kile kipindi cha harusi, Chereko, mlango unagongwa, nani? Mama Warda. Kafuata sketi ya mtoto. Nikamwona Mzee anafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, ule mzima, nashukuru Mungu sikukosea. Akaishia kusema “Karibu mama, vipi hali.”

Alikuja kuchukua sketi akakaa. Kaangalia harusi yote, bibi harusi anaingia, kina mama wa kamati na sare zao, mpaka keki. Hasemi kitu. Tangazo lilipoingia ndiyo akaniambia friji ameuza. Na kwamba Side mara ya mwisho kupiga simu shule zilikuwa hazijafunguliwa, akasema mtandao wa huko mbovu, atapiga tena. Nikamtazama usoni nikasema, nimwambie? Nisimwambie? Nikamwambia sketi imetoka vizuri, ajaribishe mtoto.

Maana nimwambie nini hasa? Kwamba baba yangu, ambaye wiki iliyopita alimwita fundi bomba kwa jina la mkuu wa wilaya, kamuona mumewe sekunde mbili na jezi ya watani?

Lakini ndewe ya sikio, Mwanaidi.

Na jambo linaloniumiza zaidi ni fedha za kikoba. Alituaga anakwenda kuchukua korosho, tukamwamini, na mimi ndiye niliyemdhamini, unajua. Ninachoogopa amerudi kwenye kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kichochoro. Mwaka 2018 si alikiona cha moto? Serikali iliposema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, wanajeshi wakabeba magunia, na kila mwenye mzigo akaambiwa aonyeshe shamba. Yeye shamba lake ni banda la chipsi. Alirudi hapa amekonda, akasema kununua kwa wakulima kichochoro hataki kusikia tena. Akakaa, akatulia, tukasema kapona.

Huyu mtu akili yake ndivyo ilivyo, kinachomshika kinamshika. Unakumbuka 2014, Bunge Maalum la Katiba? Mubashara TBC1 kutwa, na yeye kaning'iniza televisheni juu ya karai la mafuta. Siku Jaji Warioba anawasilisha rasimu wateja walijikaangia wenyewe. Na ile Aprili wapinzani wa UKAWA walipotoka ukumbini, Side naye akatoka bandani, anatembea na wao, viazi vikaungua vikawa makaa! Walipopunguza Bunge la mubashara 2016 nilisema afadhali, sasa atafanya kazi. Kumbe ndiyo akapata muda wa kufikiria korosho. Mimi lile Bunge nililipenda pia, nisiwe mnafiki. Hata wasiojua kusoma walimjua mbunge wao anasinzia saa ngapi.

Turudi kwenye hoja. Habari za leo saa mbili nimeangalia tangu ngoma hadi hali ya hewa. Korosho hakuna. Kulikuwa na ziara ya waziri, barabara, mafuriko, mpira. Mtwara na Lindi wakasema mvua, Mzee akaguna, “zitaoza hizo”. Mtoto wa jirani akaniambia, shangazi, wanaweka YouTube. Tukatafuta kwa bando lake, taarifa ya jana tukaiona imekatwa vipandevipande, hicho kipande hatukukipata. Sasa hivi Mzee amelala kwenye kiti, TBC1 wenyewe wanaendelea na mjadala wa bandari.

Kwa hiyo msaada wako naomba. Mzee alisikia jina la chama kikuu cha ushirika, tatizo leo asubuhi alisema MAMCU, jioni kasema TANECU. Ikiwa ni MAMCU si hapo kwenu Masasi na Mtwara? Ikiwa ni TANECU ndiyo itakuwa Newala au Tandahimba, na huko najua ni safari, sikulazimishi. Yule mwalimu mwenzako aliyeolewa Newala bado yupo? Anaweza kuuliza ghalani bila kutaja majina, aseme tu anamtafuta mtu wa Moro, mrefu, anayevuta sikio? Mnada ujao ni lini, na unafanyika ghala lipi? Je, kule kwenu mtu anaweza kusimama mnadani nyuma ya mwenyekiti akiwa si mkulima wala karani, au wanamfukuza? Maana kama hawezi, basi ama si yeye, ama kapata kibarua cha kupima uzito, na hiyo ingekuwa heri.

Na Mama Warda nimwambie? Ungekuwa wewe ungetaka kujua? Anarudi Ijumaa kuchukua sketi ya pili, na Mzee siwezi kumkanyaga kila siku. Nijibu kabla ya hapo, piga kwa simu ya Mzee, yangu kioo kimepasuka. Akipokea yeye usimuulize habari ya Side, utakaa hewani mpaka salio liishe, sema unanitaka mimi.

Wako,
Mama Tatu