Orodha isiyopanda ndege

Rafiki yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Umeniuliza: hospitali inajulikana, namba zake za GPS wanazo wanajeshi, inapigwaje basi? Tazama Kunduz, Afghanistan, 3 Oktoba 2015, kwani uchunguzi wa jeshi la Marekani ulitangazwa na makosa yanaonekana moja baada ya jingine.

Hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka ilikuwa kwenye orodha ya Marekani ya mahali pasipopigwa. Lakini ndege ya kivita ya Marekani, AC-130, iliruka zaidi ya saa moja kabla ya wakati wake, kikosi chake hakijapewa maelezo kamili wala orodha hiyo. Angani, mtambo wa mawasiliano ukaharibika, kwa hiyo orodha haikuweza kutumwa kwao. Wakadhani wamerushiwa kombora, wakasogea mbali, na mitambo ya kulengea ikapunguza usahihi. Namba za jengo walilotumwa kulipiga zikawaonyesha uwanja mtupu, zaidi ya mita 300 kutoka jengo hilo.

Hapo ndipo palipotakiwa kusitisha. Wao walitafuta jengo la karibu linalofanana na maelezo waliyosikia redioni, wakaliona la hospitali. Waliporudi njia yao ya kwanza, mtambo ukaelekeza jengo sahihi, lakini wao wakaendelea kushikilia lile lililofanana na maelezo. Dakika moja kabla ya kufyatua walituma makao makuu namba za jengo walilolenga. Zilikuwa za hospitali, na hakuna aliyezilinganisha na orodha. Wakafa watu 42.

Ibara ya 57 ya Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita, inamtaka anayeshambulia afanye kila kinachowezekana kuhakikisha shabaha ni ya kijeshi, na asitishe ikidhihirika siyo. Marekani haijaridhia Itifaki hiyo, ila wajibu huu ni sheria ya desturi, unawabana wote.

Uchunguzi ulisema si uhalifu wa kivita kwa kuwa hawakukusudia, na watu 16 wakachukuliwa hatua za kinidhamu. Mimi naona mlango ulifungwa mapema mno. Katika kesi ya Galić, jenerali wa Waserbia wa Bosnia, mwaka 2003, mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa Yugoslavia ya zamani ilikubali kuwa kutojali kabisa matokeo huhesabiwa kama kukusudia, ingawa uzembe wa kawaida hauhesabiwi.

Na ukisikia “walikuwemo wapiganaji ndani”, usikubali haraka. Mpiganaji aliyelazwa ni mgonjwa. Bunduki walizovuliwa majeruhi, ambazo bado hazijakabidhiwa, haziondoi kinga ya hospitali, wala silaha ndogo za walinzi. Kinga hupotea ikitumiwa kumdhuru adui, mathalani kurushia risasi kutoka darini. Hata hapo lazima litoke onyo, lenye muda wa kutosha kila inapofaa, na lipuuzwe kwanza. Kisha bado hupimwa kama madhara kwa wagonjwa yatapita kiasi yakilinganishwa na faida ya kijeshi. Kwa hiyo ukisoma taarifa ya jeshi, tafuta saa ya onyo na saa ya kombora la kwanza.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Rehema