Eksirei safi haitoshi kusema mapafu ni mazima

Mhariri,

Mama aliyepikia kuni tangu usichana wake anapokwenda hospitali, iwe Malindi au Lamu, akasema anakatika pumzi akibeba ndoo ya maji, hupigwa eksirei ya kifua. Ikitoka safi, mara nyingi huambiwa hana kitu, akapewa dawa ya kikohozi. Hilo ndilo tunalolipinga. Eksirei safi haimwondolei mtu ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao hospitalini huitwa COPD.

Eksirei ina kazi yake: husaidia kugundua kifua kikuu, nimonia, uvimbe au moyo uliotanuka. Lakini COPD huanzia kwenye vijia vya hewa vyenye upana usiofika milimita 2, navyo eksirei haivionyeshi. Watafiti Hogg, Macklem na Thurlbeck, walipopima mapafu ya marehemu mwaka 1968, walikuta hapo ndipo hewa inapokwama. Kwa mwenye afya, vijia hivyo huchangia sehemu ndogo tu ya ukinzani wa hewa, kwa hiyo vingi huweza kuharibika kabla mwenyewe hajahisi lolote. Siku eksirei inapoonyesha kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kimelala bapa, ugonjwa umeshakomaa.

Skani ya CT huona zaidi, hasa ikipigwa mara mbili: pumzi ikiwa imevutwa, kisha ikiwa imetolewa. Sehemu ya pafu inayosoma chini ya −950 kwa kipimo cha Hounsfield (kadiri namba inavyoshuka, ndivyo hewa inavyozidi) pumzi ikiwa ndani huhesabiwa kuwa imebomoka. Ile iliyo juu ya hapo, lakini ikabaki chini ya −856 pumzi ikitolewa, imenasa hewa kwa kuwa vijia vyake vimebana. Ni utafiti wa thamani kubwa, ila hatudai kila mgonjwa apigwe CT.

Tunadai spirometa, mashine ya kupima nguvu ya pumzi. Ile ndogo huingia mkobani na kupanda boti hadi Faza, kisiwani Pate. Mgonjwa hupewa salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa, mikrogramu 400, yaani pampu 4 kupitia chupa ya kuvutia dawa, akangoja dakika 15. Hujaza kifua, akabana midomo kwenye mrija, akapuliza kwa nguvu zake zote mpaka kifua kiwe kitupu, kwa kawaida sekunde 6 au zaidi. Hewa ya sekunde ya kwanza ikigawanywa kwa hewa yote ikawa chini ya 0.70, njia zimebana. Yapatikane mapulizo 3 safi, na mawili bora yasipishane zaidi ya mililita 150.

Kosa linalotudhuru zaidi ni kumruhusu mgonjwa aachie mapema. Hewa yote huonekana ndogo kuliko ilivyo, uwiano ukapanda, na mgonjwa akaitwa mzima. Midomo ikivuja au akikohoa mwanzoni, pulizo hilo litupwe. Kila asubuhi mashine ihakikiwe kwa bomba la kusukuma hewa la lita 3, lililohifadhiwa chumba kimoja nayo ili joto lao lilingane. Chujio libadilishwe kwa kila mtu. Anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu apimwe makohozi kwanza, asipulize mpaka majibu yatoke.

Na aliyemaliza dawa za kifua kikuu lakini bado anahema, naye aitwe apulize. Makovu ya TB hubana njia za hewa hata kwa asiyewahi kugusa sigara.

Wahudumu wa kliniki ya kifua,
Malindi