Jiwe la kabati halipimwi kwa gramu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa miaka mingi na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile habari ya Jumatatu, ya jiwe la tanzanite kutoka machimbo ya Mirerani lililokutwa kwenye maonyesho ya mawe ya Tucson, Marekani, likiwa na bei iliyomtoa mwandishi wako jasho, imenishinda. Alichofanya ni kuchukua bei iliyobandikwa kwenye jiwe, kuigawa kwa gramu, kulinganisha na bei ya Arusha, kisha akatangaza kwamba tumeibiwa. Hesabu hiyo ni sawa na kupima kinyago cha Mmakonde kwa kilo ya mpingo. Na picha mliyoiweka hapo juu si tanzanite. Ni amethisti, jiwe jingine la zambarau, tena imeshakatwa.

Kwanza, bei ya kwenye karatasi si bei ya kuuzia. Kule nako watu wanavutana kama Kariakoo, na siku ya mwisho, muuzaji akianza kufikiria kufungasha, anashuka. Pili, na hili ndilo limenifanya nishike kalamu, kuna jiwe la pete na kuna jiwe la kabati. La pete linauzwa kwa gramu kwa sababu litakatwa: mnunuzi anatafuta rangi na usafi wa ndani. La kabati halikatwi. Mkusanyaji analitaka kama lilivyotoka mwambani, likiwa na ncha yake, mng'ao wake, limekaa kwenye mwamba wake, na kikaratasi kinachosema limetoka wapi. Jiwe lenye nyufa ambalo mkataji analisukuma pembeni laweza kuwa mali kabatini.

Najua hivyo kwa sababu nimelipa ada. Mwaka 2011 apolo mmoja, yaani mchimbaji wa Mirerani, aliniletea jiwe usiku, limefungwa kwenye soksi. Lilikuwa refu kama kidole cha kati, limesimama juu ya kipande cha kinywe, yale madini meusi ya kwenye penseli, na ubavuni mwake pameota vijiwe vya kijani vidogo kama punje za choroko. Ndani limejaa nyufa. Nikafanya tulichofundishwa sote: nikaketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, koleo mkono mmoja, bisibisi mkono mwingine, nikaanza kulisafisha. Kinywe ni laini, kinatoka kama masizi, mikono ikawa kama ya muuza mkaa. Vile vya kijani nikavibandua kimoja kimoja nikavitupa kwenye shina la mgomba, maana mnunuzi hakulipi kwa kijani. Kwenye kile cha mwisho koleo likateleza, ncha ya jiwe ikaruka. Niliiona ikirukia kulekule mgombani na sikujali, haikuzidi nusu gramu. Mzani ukasoma gramu 38. Nikalipwa milioni moja na laki moja, nikamshukuru Mungu, nikanunua mabati. Miaka mitatu baadaye bosi wangu akanichukua Tucson, Februari. Kule wauzaji wengi hukodi vyumba vya moteli. Mawe yanapangwa palepale chumbani, mezani hadi kitandani. Kwenye chumba kimoja nikakutana na pacha wa jiwe langu. Ana kinywe chake, ana kijani chake, ncha nzima, na ni mdogo kuliko langu. Dola 14,000. Nikadhani wameongeza sifuri. Mzee mwenye chumba akanipa lenzi na kunionyesha nyufa za ndani bila hata kuulizwa. Alichonikataza ni kugusa ncha tu. Nikamwuliza, je, ncha ikiwa imevunjika? Akasema labda dola mia tano, mnunuzi akiwa na huruma. Mhariri, siku ile sikula.

Sasa niambie mwizi wangu alikuwa nani. Mzungu? Mwizi alikuwa koleo langu mwenyewe, na soko zima lililonifundisha kwamba jiwe ni uzito. Juni 2020 Mzee Laizer, mchimbaji wa Mirerani, alipouza mawe yake mawili ya tanzanite, moja kilo 9.27 na jingine kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7, nilifurahi kama mtu mwingine yeyote. Ila tangu siku ile mzani umekuwa kadhi. Kijana akishika jiwe la kabati anauliza "gramu ngapi?" hata kabla hajalitazama. Nimeshasimama mbele ya mthamini mmoja nikimweleza kuwa jiwe hili likae na mwamba wake. Akaniambia niende nikatoe uchafu kwanza ndipo apime. Uchafu! Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza madini mapya kabisa kutoka kwetu, vinyuzi vyeusi vyembamba kama masharubu vinavyoota juu ya mawe mengine, wakayaita merelaniiti kwa heshima ya kijiji chetu (sisi twaandika Mirerani, wao Merelani, hilo tuliache). Masharubu hayo sisi tumeyafuta kwa tambara tangu miaka ya sitini.

Na nikiwa hapohapo, kuna hawa vijana wa gundi. Wamesikia kwamba jiwe lililokaa kwenye mwamba lina bei, basi wanachukua jiwe lililokwisha banduliwa, wanatafuta kipande chochote cha kinywe, wanalibandika kwa gundi na kupaka masizi kwenye kiungo. Wageni wana tochi za mwanga wa zambarau. Gundi nyingi zikimulikwa hung'aa kama meno ya disko, na aliyeaibika si kijana yule, ni Tanzania iliyoandikwa kwenye kikaratasi. Wengine wanalichoma jiwe na kuapa halijachomwa. Asiyejua ataamini, lakini jiwe ambalo halijaona moto, ukiligeuzageuza mkononi, lina rangi tatu, bluu, zambarau na ile ya tatu yenye hudhurungi au umanjano. Ukilichoma, ya tatu inakimbia. Mkusanyaji anaitafuta hiyohiyo ya tatu.

Sitetei magendo, na sheria za mawe ghafi nazijua. Ninachoomba ni kidogo. Tuna ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kuzunguka machimbo, tuna lango, tuna askari wanaotukagua hadi soksi. Basi wakague na koleo. Anayetoka na koleo aliache hapo, apewe trei moja ya mayai na pamba ya hospitali, jiwe lilale humo na uchafu wake wote. Kwenye chumba cha wathamini iwekwe meza moja isiyo na mzani, aketi mtu mwenye lenzi na macho, basi. Trei nitachangia mimi, mke wangu anafuga kuku.

Gazeti lako nalo liipumzishe ile amethisti. Mwandishi wako akitaka kuona tanzanite aje nyumbani, nitamtengea kigoda kilekile. Nina vile vijiwe vya kijani saba, nimevifukua kimoja kimoja. Ile ncha bado; kila mvua kubwa ikipita natoka na tochi kuutazama udongo wa ule mgomba.

Dalali mstaafu,
Arusha